Nyumba Arobaini na Moja

Jumatatu, 3 Machi

Mkuu wa Masijala kaniita saa mbili na nusu asubuhi. Moja kwa moja nikadhani nimekosea tarehe mahali. Kumbe sivyo. Alikuwa amesimama chini ya chati yangu, ile ya fremu, mikono nyuma kama mtu anayetazama picha ya mwanawe. Akasema: Binti, umetupatia jina.

Mwalimu wa maigizo wa chuoni ameiona chati. Anataka kutunga tamthilia juu yake. Juu ya chati! Nikacheka. Halafu nikaona Mkuu hacheki, nikageuza kicheko kuwa kikohozi.

Niiandike habari yenyewe vizuri, maana bado siamini. Mwaka jana, nikiwa na miezi miwili tu kazini, niliambiwa nichore chati ya mtaa wetu: nani waliishi humo, rangi gani, mwaka gani. Nikatoa madaftari mawili ya kuhesabu nyumba. Daftari la kwanza: nyumba arobaini na moja, zote za weupe. La pili, miaka kumi baadaye: weupe nyumba tatu, zilizobaki weusi na mchanganyiko. Nikachora mstari unaoporomoka kama mtu aliyekosa ngazi. Watu walisimama mbele yake wakatikisa vichwa. Miaka kumi tu! Walikwenda wapi? Nani aliwatisha? Sasa mji mzima unaisimulia hama-hama hiyo kana kwamba waliiona kwa macho.

Muda wangu wa majaribio unaisha tarehe 31. Barua ya kuthibitishwa kazini imeshapigwa chapa, imebaki sahihi ya Mkuu. Kwa hiyo wiki nne zijazo: kufika mapema, kuongea kidogo, kutokosea kitu.

Alhamisi, 6 Machi

Mwalimu alikuja ofisini. Mfupi, miwani inaning'inia kifuani kwa uzi, hucheka kabla ya kumaliza utani wake mwenyewe. Nilikuwa nimemwandalia meza, madaftari yote mawili, na penseli tatu zilizochongwa (kalamu ya wino ni marufuku karibu na madaftari ya zamani). Hakuyafungua. Akasema namba atazichukua kutoka kwenye chati, ameniamini.

Nilifurahi. Nani amewahi kuniambia hivyo?

Tamthilia itaitwa *Walioondoka*. Waigizaji ni wanafunzi na watu wa mtaani, mchanganyiko. Akaomba niwe mkumbushaji: nikae pembeni na maandishi, atakayesahau nimnong'oneze. Alisema nina uso wa mtu asiyesahau. Sikujua namna ya kukataa, nikakubali. Njiani kurudi nyumbani nikatunga sababu saba za kukataa. Zote nzuri. Zimechelewa.

Jumanne, 11 Machi

Mazoezi ya kwanza. Saa kumi na moja jioni, ukumbi mdogo wa chuo. Viti vya kukunja, jukwaa la mbao linalolia kila mtu anapopita upande wa kushoto. Nilifika wa kwanza nikahesabu milango. Miwili.

Nilidhani nitakaa pembeni kama kabati. Wapi! Msusi, yule jirani yetu wa namba kumi na nane, aliniona nimepanga kurasa kwa vibanio, akapiga kofi: "Jamani, tumeletewa Bi Mhuri!" Basi, jina limeganda. Mpaka Mwalimu ananiita Bi Mhuri.

Mwingine ni Mzee wa Posta. Alipeleka barua mtaani kwetu miaka thelathini na sita. Anaishi namba moja, alizaliwa humo, na sasa ndiye mweupe pekee aliyebaki mtaa mzima. Wanafunzi walikuwa wanazungukazunguka, wanaona haya kumwomba aigize sehemu ya baba wa familia inayohama. Akawakatiza: "Nipeni tu sehemu ya mweupe, nimeizoea."

Kicheko! Hata mimi. Nilisahau kuangalia milango.

Jumamosi, 15 Machi

Baba kapata kazi ya kushona mavazi ya tamthilia. Majoho ya mahafali kayasogeza kando. Sebule sasa imejaa makoti ya zamani na magauni ya mikanda. Tuko watatu nyumba hii, Baba, Bibi ambaye ni mama yake, na mimi. Leo nilihisi tuko ishirini na watatu.

Tatizo ni kwamba Msusi anatengeneza nywele za waigizaji, na Mwalimu kasema lazima nywele na nguo vikutane. Kwa hiyo Msusi anakuja kwetu. Na Baba hampendi Msusi. Siyo yeye hasa, anasema. Anachukia kile kibao chake cha saluni ukutani, na vyumba alivyowapangisha wanafunzi, na wale jamaa zake wanaokuja na mabegi kutoka huko walikotoka na kuongea kwa sauti.

Baba ni katibu wa Kamati ya Mtaa. Ameandika barua kwa halmashauri: nyumba zisigeuzwe vyumba vya kupangisha, wageni wapunguzwe. Ataipeleka Jumatatu tarehe 31. Leo kanisomea, kasimama kabisa, miwani puani. Na aya ya mwisho inasema: mtaa huu ulishabadilika mara moja, watu wa rangi moja wakatoweka ndani ya miaka kumi, kama inavyoonyesha chati iliyoambatanishwa. Zamu yetu imefika. Tusipozuia sasa, wajukuu zetu watauliza sisi nao tulikwenda wapi.

Akakunja karatasi. "Chati ya binti yangu mwenyewe," akasema. "Hapo hawana pa kupenyea."

Nikasema ndiyo Baba. Nilijivuna. Nikaona pia anaitia kwenye bahasha, anaitoa kuhakikisha, anaitia tena. Baba anaogopa kweli. Nilidhani mwoga katika nyumba hii ni mimi peke yangu.

Jumatano, 19 Machi

Mazoezi yamekwama. Onyesho la pili: familia inafunga masanduku. Mzee wa Posta alitakiwa kunyanyua sanduku, kutazama nyumba yake mara ya mwisho, na kusema: "Wote wamekwenda, nasi twende." Akanyanyua. Akatazama. Akalitua.

Mimi haraka nikamnong'oneza maneno.

"Nimeyasikia, Bi Mhuri. Sijasahau. Ila nani kahama?"

Mwalimu akasema: wale weupe, mzee, nyumba thelathini na nane.

Mzee akakaa juu ya sanduku. Alisema yeye alianza kazi ya barua ndani ya miaka hiyo hiyo kumi. Mtu akihama, posta hujazwa fomu ya kuelekeza barua kule aliko. Fomu hizo yeye ndiye aliyezishika. Kwa mtaa wetu hakumbuki hata mbili. "Weupe tulikuwa nyumba tatu. Tukaendelea kuwa tatu. Wazee wakafa, watoto wakaenda kuoa kwingine, nimebaki mimi. Hao thelathini na nane walipita njia gani nisiwaone? Walitambaa?"

Wanafunzi wakacheka. Msusi akasema labda walipita ndani ya bomba la maji. Mwalimu akasema kwa upole kumbukumbu ni kitu kigumu, tuna takwimu. Akanielekezea mkono — takwimu ni mimi!

Nikatabasamu. Vibanio vya kurasa nimevisahau ukumbini.

Ijumaa, 21 Machi

Nimefungua daftari la kwanza. Ukurasa wa mtaa wetu.

Daftari ni pana, limekaa meza nzima. Majina yako ukurasa wa kushoto, safu ya Rangi iko mwisho kabisa wa ukurasa wa kulia. Mwaka jana nilihesabu safu hiyo peke yake, nimefunika yote mengine kwa karatasi nyeupe ili jicho lisiruke mstari. Uangalifu!

Mstari wa kwanza umeandikwa: *Weupe*. Huo ni namba moja, kwa akina Posta.

Mstari wa pili kuna vistari viwili vidogo. Vile tunavyoweka sisi makarani tukichoka kurudia neno, maana yake kama juu. Wa tatu, vistari viwili. Wa nne. Wa tano. Mpaka arobaini na moja. Mwishoni vimelala kabisa, kama mtu aliyeandika huku anaongea na mwingine.

Nikaondoa karatasi nyeupe. Nikafuata kwa rula kutoka kulia kwenda kushoto.

Namba kumi na saba, mwenye nyumba: jina la babu yangu. Mke: jina la Bibi.

Rangi: kama juu.

Mwaka jana nilimhesabu bibi yangu mzaa baba kuwa mweupe. Na nikamchora.

Jumamosi, 22 Machi

Sijamwambia mtu. Nimepiga pasi nguo zote za nyumba hii, hata taulo za jikoni. Baba kaniuliza kama naumwa.

Jumapili, 23 Machi

Nimemwambia Bibi. Sikukusudia. Nilikuwa namkata kucha za miguu, Baba yuko kwenye kikao cha Kamati, na ile miguu mikononi mwangu, myeusi, mikavu, yenye nyufa za maisha yote — nikaanza kulia.

"Una mimba?" akauliza.

Nikasema hapana Bibi! Nikamweleza yote. Daftari, vistari, chati. Akanisikiliza amekunja uso. Nikamaliza.

"Kwa hiyo mimi mweupe."

"Kwenye karatasi, Bibi."

"Tangu lini?"

Nikamtajia mwaka. Akainua mguu mmoja, akautazama upande huu na upande huu. Kisha akaangua kicheko, mpaka nikamshikilia asianguke kwenye kiti. Alicheka akifuta macho kwa ncha ya mtandio, akitulia anauangalia tena mguu, anaanza upya. "Na babu yako kafa hajui! Miaka yote ile kalala na mwanamke mweupe, hajui!"

Kumbe anamkumbuka karani yule. Mwembamba, viatu vinambana. Alianza kuhesabu mtaa saa sita za jua kali. Alianzia namba moja, mama yake Mzee wa Posta akamkaribisha barazani, akampa maji na kiti. Basi hakuinuka tena. Akawa anauliza kutoka pale pale: nyumba ile ya nani? Na ile? Watoto wangapi? Mama Posta anajibu, yeye anaandika. Kuhusu rangi hakuuliza. Bibi alikuwa anaanika nguo, anawaona. "Nikasema moyoni, huyu bwana atatuhesabu vizuri kweli, amevua na viatu."

Hakuna aliyehama! Hakuna aliyefukuzwa, hakuna aliyetishwa. Mtu alivua viatu tu. Na mimi nikamalizia kwa rula.

Jioni Bibi alimwambia Baba amletee chai, na aharakishe, yeye si mtu wa kusubirishwa. Baba akashangaa ameanza lini madaha. Bibi akanikonyeza. "Mke mwenzangu anajua."

Nimecheka. Kisha nikakumbuka barua ya Baba. Ile hofu yake, ile bahasha. Mimi ndiye niliyempa.

Jumatatu, 24 Machi

Nilimwambia Mwalimu kabla ya mazoezi. Nilikuwa nimeandika maelezo kwenye karatasi, nukta tano, nikamsomea nimesimama wima. Nukta ya tano ilikuwa: Naomba radhi kwa usumbufu wote.

Siku tano kabla ya onyesho! Nilitegemea atalia au atapiga kelele. Alivua miwani, akaivaa, akaivua. Akauliza kwa sauti ndogo: wote arobaini? Nikasema wote arobaini. Akaniomba nimsomee nakala niliyotoa ya ukurasa ule, mstari kwa mstari. Nikasoma. Namba mbili, kama juu. Namba tatu, kama juu. Nilipofika kumi na saba nikasoma jina la Bibi kwanza, ndipo kama juu.

Wakati huo wengine walikuwa wameshaingia, wamesimama nyuma yetu. Mzee wa Posta ndiye aliyesema kwanza: "Nilisema hawakutambaa." Halafu akapatwa na haya, maana maji yale yalikuwa ya mama yake.

Mwalimu akayachukua maandishi ya tamthilia, akang'oa onyesho la pili lote. Masanduku yakarudishwa stoo. Onyesho jipya: barazani kwa namba moja. Mzee wa Posta atakuwa mama yake mwenyewe, na mtandio. Mwanafunzi mmoja atakuwa yule karani mwenye viatu. Na mwisho kabisa atatoka karani wa leo, atasoma ukurasa. Namba moja atasoma ilivyoandikwa. Kuanzia namba mbili atataja namba tu na kunyamaza. Watu wa nyumba hiyo, walioketi ukumbini, watasimama na kusema wenyewe wao ni nani. Karani ataandika wanachosema.

Nikauliza nani atakuwa karani wa leo.

Wote wakanitazama.

Nimekataa mara tatu. Mara ya tatu nilikuwa tayari nimeshika daftari la kuigizia.

Jumanne, 25 Machi

Nimemwandikia Mkuu dokezo. Kichwa: *Marekebisho ya Chati ya Mtaa*. Nakala mbili, tarehe, sahihi, kielelezo A na B. Nimeliweka kwenye trei yake ya yanayoingia, juu kabisa. Saa tano lilikuwa la tatu. Saa tisa lilikuwa la nane. Nilipita mara sita nikijifanya natafuta stepla.

Alhamisi, 27 Machi

Mkuu kanikuta kwenye ngazi. Alisema dokezo ameliona, ana mengi, atalisoma Jumatatu akitia sahihi barua yangu, yote pamoja. Na Jumamosi atakuja kwenye tamthilia na mkewe na wageni wawili wa halmashauri. "Watu waone kazi ya binti yetu."

Nilifungua mdomo. Nikasema: "Mkuu, ungelisoma kabla." Akasema ninajituma mno, nipumzike. Akapanda ngazi. Angalau nilisema. Iandikwe kwamba nilisema.

Nyumbani, nyingine tena. Nilipoingia nilisikia kelele sebuleni, nikajua leo ndio leo, Baba na Msusi wameshikana mashati. Kumbe wamekaa sakafuni wote wawili, wameinamia gauni la Mama Posta, wanabishana juu ya kola. Msusi anasema kola hiyo itakula shingo ya mzee wa watu. Baba anasema wewe binti kola unaijulia wapi. Msusi: "Kwa marehemu baba'angu, fundi wa makoti, miaka ishirini nilikaa chini ya meza yake nikiokota pini." Baba akaweka mkasi chini. Akauliza: alikuwa anatumia cherehani gani? Msusi akataja. Baba akasema, aa, ile. Ile ni cherehani. Wote wawili wakainamisha vichwa, kana kwamba marehemu kapita mlangoni.

Kola imekatwa upya.

Msusi alipoondoka nikaona wakati ndio huo. Nikasema: Baba, ile chati ina makosa. Alikuwa na pini nne mdomoni. Akasema kupitia pini: "Makosa yako wewe? Wewe hujawahi kukosea hata idadi ya vifungo." Akanipa upindo nimshikie. Nikaushika. Nikasema tena, kwa sauti zaidi, makosa makubwa Baba, mtaa haukuhama. Akatoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kifuko. Akasema mwanangu, umechoka, haya mambo ya jukwaani yamekuingia kichwani. Sote tunajua walihama. Marehemu mama yako alikuwa akilisikia tangu mtoto.

Lakini Mama hakuwahi kusema hivyo. Chati ina mwaka mmoja tu. Tayari imekuwa kumbukumbu ya zamani!

Ijumaa, 28 Machi

Mazoezi ya mwisho, na mavazi yote. Sijawahi kufurahi hivi nikiwa naogopa hivi. Vitu viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja bila kugombana, sikujua.

Mzee wa Posta katoka na gauni na mtandio. Ukumbi ulivunjika mbavu. Lakini alipomkaribisha yule karani kiti na kusema "Keti baba, jua kali," ilikuwa sauti ya mama mtu kweli, na kila mtu akanyamaza. Baadaye nilimkuta nyuma ya pazia anajipangusa. Akasema: "Alikuwa mtu mwema, mama yangu. Alijua majina ya mtaa mzima, kila mtoto. Yule bwana angemuuliza tu, angejibiwa." Akaongeza: "Na mimi je? Siku hizi wanafunzi wakinikuta mlangoni wananiuliza mzee umepotea? Nyumbani kwangu!" Akacheka. Sikujua kama nicheke. Nikamrekebisha kola. Ilikaa vizuri sana.

Tulifanyia mazoezi ule mwisho, kwa wachache waliokuwepo. Nikasema: namba kumi na nane. Msusi akasimama, mkono kiunoni: "Andika: nimekuja juzi, nina jina, na kibao sikitoi." Nikaandika kama alivyosema. Mwalimu kasema kesho nisiharakishe, ule ukimya baada ya namba ndio tamthilia yenyewe.

Ukimya! Hilo naliweza. Maisha yangu yote nilikuwa nafanya mazoezi.

Jumamosi, 29 Machi

Saa tisa na dakika hamsini alasiri. Naandikia chumba cha kuvalia, kwenye kiti, goti ndilo meza. Mbele yangu taulo, boksi la pini za Baba, birika. Tunaanza saa kumi, ila mimi natoka mwisho. Bora kuandika kuliko kuhesabu milango.

Watu wamejaa. Viti vimeisha, wengine wamesimama ukutani. Mtaa mzima umekuja! Kila nyumba ilipewa kikaratasi chenye namba yake. Wanadhani ni za viti.

Saa kumi na dakika arobaini. Baraza la namba moja limekwisha. Walicheka mpaka jukwaa likalia lenyewe. Halafu yule mwanafunzi akavua viatu, akaanza kuweka vistari, *kama juu*, *kama juu*, na Mzee wa Posta akiwa Mama Posta anaendelea kutaja majina ya watoto wa watu, huku karani haandiki. Kicheko kikapungua polepole. Mwishowe kikaisha.

Nimechungulia kwenye pazia. Mkuu yuko mstari wa mbele. Ameleta chati! Ameibeba kutoka ofisini, ameiegemeza kwenye jukwaa, watu wote waione. Kainamia mbele sasa, anaihesabu kwa kidole. Mkewe kamuuliza kitu, yeye anaendelea kuhesabu.

Baba yuko kiti cha tatu. Bahasha ya khaki inachungulia mfuko wa koti. Alisema akiwaona wale wageni wa halmashauri atawapa mkononi, kwa nini asubiri Jumatatu. Hajawapa. Kaishika kwa vidole viwili, nusu ndani nusu nje. Kushoto kwake Bibi, na mtandio wake mpya. Kulia kwake Msusi, ndiye aliyemwekea kiti. Baba anatazama jukwaani kwenye lile gauni, lakini haangalii kola. Namjua Baba anapoangalia mshono. Hii siyo.

Nina ukurasa mkononi. Kwenye meza Mwalimu kaniwekea penseli iliyochongwa, kama kanuni ya masijala inavyotaka. Nimeiacha. Nimechukua kalamu ya wino ya Baba, ile ya Kamati.

Mwalimu ananionyesha vidole. Dakika tatu.

Sina hakika na barua yangu ya kazi Jumatatu. Nikifika kumi na saba nitanyamaza kama wengine wote, nisimsaidie mtu. Baba ndiye mwenye nyumba sasa, yeye ndiye wa kusema. Akikaa kimya nitaacha mstari wazi. Nimeamua hivyo. Mstari wazi si uongo.

Dakika mbili. Kelele gani hiyo —

Nachungulia: Bibi amesimama! Sijatoka hata jukwaani, namba moja bado, na yeye kasimama na kikaratasi chake hewani kama mtu anayeitwa kwenye foleni. Watu wanageuka. Baba anamvuta mkono akae. Hakai. Baba kainuka kumkalisha, bahasha imeanguka chini, Msusi kaiokota, na sasa wamesimama wote wawili, Baba na mama yake, mbele ya mtaa mzima, na Baba kamgeukia Bibi anamuuliza kitu, na Bibi anavua kiatu, anainua ule mguu —